Nilimnunulia baba headphone za bluetooth ili mama apumzike na kelele

Wakuu, salaam kwenu wote, wa mjini na wa shamba.

Mimi humu huwa napita tu kusoma na kucheka. Leo nimeona niweke langu, maana lina wiki kadhaa linazunguka kichwani na kila nikikaa naona bora nisimame. Ni kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga.

Twende.

Mimi ni fundi, nina kibanda changu Mbinga mjini. Nauza na kufunga vitu visivyo na waya: router za laini, spika za bluetooth, kamera za WiFi, smart TV. Kuanzia Ruanda yetu ya hapa Mbinga mpaka Lituhi kule ziwani, ukikuta nyumba ina WiFi inayofika hadi chooni, ujue huenda mkono wangu umepita hapo. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Tatizo langu tangu utoto ni kwamba situlii. Mama anasema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali.

Wazazi wangu wako milimani, kama nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini. Wanalima kahawa, mahindi na maharage. Kwa wasiokujua kwetu, milima imesimama kwelikweli. Nyumba iko mgongo huu, shamba liko mgongo wa pili, katikati kuna bonde na kijito. Shamba lenyewe tunalima kwa ngolo, yaani ubavu mzima wa mlima umejaa mashimo mashimo kama trei ya mayai, mvua isiondoke na udongo. Maharage yanakaa juu ya kingo, na wewe mvunaji unatembea kwenye kingo hizo hizo.

Sasa kwetu ukimtaka mtu aliye ng'ambo humfuati. Unasimama, unaweka viganja mdomoni, unamwita. Asiposikia, yeyote wa katikati aliyesikia anaupokea ule mwito na kuusukuma mbele mpaka umfikie mwenyewe. Hakuna aliyetufundisha, tumekua tukiwakuta watu wanafanya hivyo. Mimi nimekulia kwenye sauti ya mama akimwita baba kutoka ng'ambo aje kubeba mzigo, na baba anaitika huku anatafuta viatu.

Lakini baba alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa kahawa, na masikio yake aliyaacha huko huko.

Nilipowapelekea smart TV na router, baba alipenda vitu viwili tu: marudio ya mpira na muziki wa dansi wa zamani. Na anapenda kwa sauti ya mwisho. Ukiwa chini kwenye kijito unaweza kujua nani kafunga goli.

Mama alivumilia, mwishowe akaniambia, "Mwanangu, hiyo TV yako inanipasua kichwa. Mtafutie baba yako kitu."

Nikamtafutia. Pasaka hii nilimpelekea headphone za bluetooth, zile kubwa zinazofunika sikio lote na kuzuia kelele za nje. Chaji inakaa siku nzima. Nikaziunganisha moja kwa moja na TV. (Msiniulize brand, hili si tangazo.)

Wakuu, baba alipozivaa na muziki ukaanza, alisikiliza kama dakika mbili. Halafu akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu waliovaa hivyo vitu, "Kumbe huku ndani kuna gitaa la pili!" Wimbo alioucheza ujana wake wote, hakuwahi kusikia gitaa la pili. Machozi yalimlengalenga. Mama akacheka, nyumba ikatulia, na mimi nikarudi mjini nikijiona mtoto wa maana.

Mambo mawili zaidi muyajue kabla sijafika kwenye siku yenyewe.

La kwanza, niliwafungia kamera moja ya WiFi kwenye kona ya sebule karibu na dirisha, kwa sababu kahawa ikiwa inakauka kwenye vichanja uani, wezi nao wanajua. Kamera ile inazunguka. Nikiwa popote naigeuza kwa simu: naangalia uani, naangalia sebuleni. Ina maiki na kispika, naweza kuwasikia na kuongea nao.

La pili, kuna siku TV iliganda, kile kiduara kikawa kinazunguka. Baba akachukua rimoti akabonyeza kila kilichobonyezeka mpaka TV ikawa inaongea Kichina. Nilipanda mlima na mvua kwenda kuirekebisha. Siku ile nilimwambia kwa ukali kidogo, "Baba, ukiona kiduara kinazunguka usiguse kitu. Kaa, subiri, kitarudi chenyewe." Baba akasema sawa.

Baba akisema sawa, mjue ni sawa.

Siku yenyewe sasa.

Ilikuwa msimu wa kuvuna maharage. Nilikuwa Mbamba Bay tangu asubuhi, kuna dada mmoja ana gesti yake karibu na ziwa, tumwite dada Flora. Alitaka WiFi ifike vyumba vyote na kule nje wageni wanakokula mbasa, samaki wa huko ziwani. Nikapanda paani kufunga antena. Simu niliiacha chini kwenye chaji.

Niliposhuka kunywa maji, saa nane mchana ilikuwa imepita kidogo. Nikakuta missed call tatu za mama.

Wakuu, mama yangu hapigi mara tatu. Mama anabipu mara moja, anakaa, anakusubiri. Hata msiba wa mjomba alibipu mara moja.

Nikapiga. Simu inaita, inaita, inakata. Nikapiga tena. Inaita. Nilipiga mara saba huku nazunguka pale uani mpaka dada Flora akaniuliza, "Kaka, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Nikampigia baba. Haipokelewi.

Nikafungua kamera.

Picha ikaja. Baba yuko kwenye kiti chake, headphone masikioni, anatingisha mguu. Muziki huo. Nikageuza kamera kuangalia uani: kahawa iko kwenye vichanja, kuku wanapita, mlango wa jikoni umefungwa. Mama huondoka alfajiri kabla jua halijakuwa kali na saa saba huwa amesharudi, jiko linafuka moshi. Siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa vile vile kama alivyouacha.



Nikabonyeza kitufe cha kuongea. "Baba!"

Mguu unatingishika.

"Baba! Baba! Mama yuko wapi?"

Nilipiga kelele mpaka wageni wawili wakatoka vyumbani. Sauti yangu ilikuwa inatoka mle sebuleni, hatua tatu kutoka alipo, na yeye anatabasamu. Dada Flora akaja akachungulia simu yangu, akamwona mzee anavyoburudika, akacheka. Halafu akaniona uso, akaacha kucheka.

Nikampigia tena kwenye simu yake nikiwa nimeacha kamera wazi. Sasa sikieni hii: nikaisikia simu yake ikiita kwenye kamera. Inaita chumbani, inalia weee, na baba amekaa ukuta wa pili.

Nikageuza kamera tena dirishani, nikavuta picha hadi mwisho. Ng'ambo inaonekana. Shamba letu linaonekana, ubavu wote wa rangi ya maharage makavu. Mtu huwezi kumwona, ni vidoa tu. Nilikodolea macho kila kidoa. Kuna kimoja nilikiangalia mpaka nikaanza kuona kinasogea, kumbe ni picha tu inakwamakwama.

Nikawapigia majirani. Mama Vitusi, jirani yetu wa jirani kabisa, hapatikani. Mwingine hapatikani. Ni msimu wa mavuno, watu wote wako mabondeni na mabondeni mtandao hakuna. Siwalaumu.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikuondoka papo hapo. Mkuu, kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga ni kilomita sitini na kitu, kona tupu, halafu bado kijijini. Baba yuko bonde moja tu kutoka kwa mama. Akili yangu ilikuwa inasema hivi: huyu mzee akivua kile kitu, dakika kumi anafika. Mimi nikianza safari, mlima utameza mtandao na nitakuwa sina hata hiyo picha. Nilikuwa nimeshika pikipiki kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, sikai wala siondoki.

Ndipo ufundi ukaniingia kichwani.

App ya router inaniruhusu kusimamisha kifaa kimoja kimoja. Nikaisimamisha TV. Nikasema muziki ukikata atashangaa, atavua, atanisikia.

Muziki ukakata. Nikaona kwenye kioo cha TV kiduara kinazunguka.

Baba akaangalia kiduara. Akaangalia rimoti. Akakunja mikono kifuani, akakaa.

Wakuu, nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. "Baba vua! Vua, baba!" Na yeye amekaa ametulia, headphone masikioni, anafanya kile hasa nilichomfundisha. Dakika moja. Dakika tatu. Sijawahi kumwona mtu mtiifu vile maishani, na sijawahi kumkasirikia mtu vile. Mtoto kumkasirikia mzazi namna ile si jambo zuri na bado najisikia vibaya nikiandika.

Nikairudishia TV mtandao. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ukweli, muziki ukaendelea.

Dada Flora akasema, "Kaka, wewe ingia kwenye hiyo TV mwenyewe. Si umesema ni ya kwako?"

Mwanamke yule Mungu amweke. TV ile iko kwenye akaunti yangu, naweza kuirushia video kutoka popote. Nikajirekodi pale pale, nyuma yangu ziwa, mbele yangu wageni wamesimama na sahani. "Baba, vua headphone. Mama hajarudi, hapokei simu. Nenda ng'ambo sasa hivi." Sekunde kumi na tano. Nikaanza kuipandisha.

Asilimia nne.

Asilimia kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.

Mtandao wa Mbamba Bay siku ile nao ulikuwa una mambo yake. Na ujue antena niliyokuja kufunga ilikuwa bado inaning'inia paani, sijaikaza hata skrubu.

Asilimia kumi na tisa. Nikapanda paani na simu mkononi. Nikashuka. Nikaenda mpaka kwenye maji, watu wanaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, nikapita katikati ya vichanja vyao bila hodi, mama mmoja akanigombeza kwa Kinyasa na nilistahili. Asilimia arobaini. Kule kwenye maji mtandao ulikuwa bora. Nikasimama nimeinua simu juu. Sitini. Themanini na tano.

Ikapanda yote. Nikairusha kwenye TV, nikafungua kamera haraka nimwone baba akiniona.

Kiti kilikuwa kitupu.

Headphone ziko sakafuni, zile taa ndogo za bluu bado zinapepesa. Mlango wa mbele uko wazi kabisa. Na kwenye TV niko mimi, uso mzima, napayuka kwenye sebule isiyo na mtu. Headphone zilikuwa bado zimeungana, kwa hiyo hata sauti yangu haikutoka. Mdomo tu unacheza. Nilijiangalia mpaka ile video ikaisha.

Sikujua baba ameenda wapi. Labda chooni. Labda kuna mtu kaja na habari. Lakini baba si mtu wa kuacha kitu sakafuni, hata kijiko.

Nikawasha pikipiki. Dada Flora nilimwachia antena inaning'inia, ngazi, begi la vifaa, kila kitu.

Ile barabara ya kupanda kutoka ziwani nimeipita mara nyingi na huwa naipenda. Siku ile niliiona ndefu kama Kwaresima. Kila penye mtandao nilisimama, nikapiga simu ya mama, inaita, nikaondoka. Kuna mahali ikaacha kuita, ikawa haipatikani. Hapo nililia ndani ya helmeti. Nilikuwa najiambia chaji imeisha, ni chaji tu, simu ile ya kitochi ni ya zamani. Halafu nikikata kona naanza upya kuwaza mengine.

Nikiwa nakaribia kumaliza mlima simu ikaita. Mama Vitusi.

"Shikamoo mama!" Yaani hata kwenye hali ile mdomo ulianza na shikamoo.

"Marahaba, marahaba, mama yako tumempata! Mguu! Tunampeleka mjini, usiende nyumbani..." Ikakata.

Ameniambia mguu. Hakuniambia kama ni mzima. Mnajua akili inavyofanya ukipewa neno moja.

Hospitali nilimkuta mama kitandani, mguu wa kulia umefungwa mbao mbili, uso umepauka, lakini macho ni yale yale. Alikuwa ameteleza kwenye kingo ya ngolo akiwa na mzigo wa maharage kichwani, akaangukia shimo la chini, mfupa ukavunjika juu ya kifundo. Alikaa pale tangu saa sita na kitu mpaka saa kumi. Juani.

Baba alikuwa kwenye benchi pembeni ya kitanda. Suruali imechanika goti, miguu imejaa tope la kijito, mabega yamechubuka. Walimbeba kwa machela ya miti, baba naye alishika mti mmoja toka bondeni hadi barabarani, na alikataa kupokelewa.

Sikumwamkia baba yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kuongea, niliingia mahali alipo na sikumpa shikamoo.

Nilimwendea nikamwambia, na nilipaza sauti ili asikie, na kila mtu wodini akasikia. "Baba, amekuita saa nne nzima! Saa nne mtu amelala juani anakuita, na wewe uko pale ng'ambo unasikiliza magitaa!"

Baba aliinamisha kichwa.

Mama ndiye aliyesema. "Mwache baba yako. Mimi sikumwita."

Nikageuka. "Hukumwita vipi?"

"Sikumwita. Nilikupigia wewe."

"Mama, mimi nilikuwa Mbamba Bay!"

"Najua. Lakini wewe ukiona simu yangu unapiga."

Akaeleza taratibu, kama anaeleza habari za sokoni. Alipoanguka simu ilikuwa kwenye khanga, akanipigia mara tatu. Akajaribu kujivuta, simu ikaponyoka ikaporomoka shimo la chini zaidi, hakuweza kuifikia. Akaisikia ikilia. Alisema kila ilipolia alipata nguvu kidogo, akawa anasema moyoni, basi yuko mmoja ananitafuta. Baadaye akasikia wanawake wanaongea kwenye kijito, mama Vitusi na wenzake, akawaita hao. Wao wakaupokea mwito, ukapita mgongo hadi mgongo mpaka kwetu. Wa mwisho kuupokea aliita, akaita, kisha akaona mlango uko wazi, akaingia akamgusa baba bega.

Sasa mimi niko palepale. "Mama, kutoka shambani unauona mlango wa nyumba. Ungeita tu. Hata asiposikia yeye, angesikia mwingine."

Mama akaangalia dirishani.

"Nimemwita sana huyo. Naita mizigo, naita chakula, naita tu nijue yupo. Haitiki. Mtu unachoka, mwanangu. Nikaacha. Leo pale chini wala halikunijia kwamba naweza kumwita."



Baba akanyanyua kichwa. Aliona midomo inacheza na alijua ni yeye anayesemwa. Akaniuliza, "Mama yako anasema nini?"

Wakuu, wodi nzima ilikuwa inaniangalia. Nesi alisimama na sindano yake. Nilitamani nimdanganye. Nilitamani niseme anasema mguu unauma.

Nikainama sikioni kwake. "Anasema hakukuita, baba. Anasema aliacha kukuita."

"Tangu lini?"

Nikamtazama mama. Mama akasema kwa sauti ndogo na mimi nikarudia kwa sauti kubwa, ndiyo ikawa kazi yangu siku ile, kubeba maneno hatua mbili kutoka kwa mke kwenda kwa mume.

"Tangu Pasaka, baba."

Pasaka ndiyo niliyopeleka zawadi.

Baba hakujitetea. Hakusema ni wewe umeniletea, ingawa angeweza na ningenyamaza. Alisogeza benchi mpaka likagonga kitanda, akalirekebisha shuka kwenye ule mguu mzima, na akamwambia mama, kwa ile sauti yake ya kukoboa kahawa isiyojua kunong'ona, "Wewe niite. Hata kama siitiki, niite."

Mama akaanza kulia hapo. Saa nne juani hakulia, mama Vitusi ananihakikishia walimkuta macho makavu. Alilia hapo. Mimi nikatoka nje kwenye pikipiki nikajifanya naangalia mnyororo.

Niliporudi ndani nikampa baba shikamoo yake. Akaitika "marahaba" kama vile hakuna kilichotokea, na hilo liliniuma zaidi kuliko angenigombeza.

Basi wakuu, ndiyo hivyo. Mama yuko nyumbani na plasta. Kwa mtu atakayeniuliza hapo chini kama nimezichoma zile headphone: sijazichoma. Chombo hakina kosa. Baba bado anazivaa jioni, nyimbo nne tano, mama akiwa amekaa kiti cha pembeni na mguu juu ya stuli. Mchana hazivai.

Jana nilipiga simu, mama akaniambia subiri, anataka baba amletee maji. Akaweka simu mezani, nikamsikia akiita. Hakuna. Akaita tena. Hakuna. Mimi huku kibandani nimeshasimama, mkono uko kwenye app, nataka kufungua kamera niongezee sauti yangu. Nikajizuia. Akaita mara ya tatu. Mara ya nne nikamsikia baba kwa mbali, huko kwenye vichanja vya kahawa: "Naaam!"

Mama akachukua simu. "Ee, ulikuwa unasemaje?"

Sikumbuki nilikuwa nasemaje.

Somo nililolipata mimi ni la kifundi na si la kifundi. Siku hizi mteja akija kuchukua headphone za mzee, kabla sijamwambia chaji inakaa saa ngapi namuuliza: nyumbani nani huwa anamwita huyo mzee, na akishavaa hizi atampataje? Wengine wananiona nimechanganyikiwa, wanaenda kununua kwa jirani. Waende. Mimi nilinunua ukimya nikadhani ni utulivu, kwa kuwa mwenyewe sikai pale kusikia tofauti yake.

Na kama kuna mtu ndani ya nyumba yako kaacha kukuita, usifurahi kwamba siku hizi hana usumbufu. Mfuate ukamuulize.

Sasa nawaachia uwanja. Wenye wazee wa masikio mazito mmefanyaje? Nimesikia kuna kengele zisizo na waya ambazo mtu akibonyeza huku, kule inawaka taa, aliyewahi kufunga aniambie kama zinavuka bonde. Na dada Flora, kama unasoma humu, nakuja kukaza ile antena.

Matusi nayapokea, nimeyaandalia nafasi. Ila msimtukane baba.